Kisiwa Kiko Mbali na Nani?

Liko neno moja ambalo hutangulia habari za kila tufani na husalia baada ya upepo kutulia. Neno hilo ni "mbali". Vijiji vilivyopigwa vilikuwa mbali. Msaada ulichelewa kwa kuwa njia ilikuwa mbali. Idadi ya waliokufa haikujulikana upesi kwa kuwa visiwa viko mbali. Wasemaji hulitumia neno hilo kama kipimo, na wasikilizaji hulipokea kama udhuru. Lakini kipimo cha kweli huhitaji mahali pawili: hakuna kilicho mbali ila kiwe mbali na kitu fulani. Mtu asemaye kuwa kisiwa kiko mbali amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kuwa kitovu cha dunia ni pale aliposimama yeye. Aliyezaliwa kisiwani hajapata kuwa mbali na kwao hata siku moja. Basi neno hili si kipimo. Ni hukumu, na kama hukumu zote halina budi kuletwa mbele ya ushahidi.

Ushahidi haukosekani. Katika mwaka 2019 nchi ya Msumbiji ilipigwa na tufani mbili kubwa katika msimu mmoja, jambo ambalo halikupata kuandikwa kabla ya hapo katika kumbukumbu za hali ya hewa za nchi hiyo. Ya kwanza, iliyoitwa Idai, iliingia karibu na mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi. Ya pili, iliyoitwa Kenneth, ilipita kaskazini ya kisiwa cha Ngazija tarehe 24 Aprili, na siku ya pili yake ikaingia pwani ya mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba ya Msumbiji. Upepo wake ulikuwa wa kasi ipatayo kilomita 220 kwa saa, na nchi hiyo haikupata kuandika tufani yenye nguvu kuliko hiyo wakati wa kufika nchi kavu. Ilipiga Macomia, Quissanga na visiwa vya Quirimba. Katika kisiwa cha Ibo nyumba zipatazo tisa katika kila kumi ziliharibika au zilibomoka kabisa. Katika mkoa mzima nyumba zaidi ya 40,000 ziliangushwa au zilipata madhara, na watu 45 walikufa. Baada ya upepo kupita mvua ilinyesha kwa siku kadha, ndege za msaada zikashindwa kuruka, barabara na madaraja yakakatika, na mwanzoni mwa Mei ikatangazwa kuwa kipindupindu kimeingia.

Mbele ya habari kama hizo hutokea watu wa aina tatu wenye maneno ya kutuliza dhamiri. Wa kwanza husema kuwa ajali haina kinga. Wa pili husema kuwa kinga iko, lakini mahali pale pako mbali. Wa tatu husema kuwa kosa ni la wenyeji, maana wamekaa palipo na hatari na hawataki kuhama. Kila mmoja wa watu hawa anastahili jibu lake.

Asemaye kuwa ajali haina kinga ana methali upande wake, na aghalabu huitegemeza methali hiyo kwa imani. Imani haina ugomvi na hoja hii. Nahodha mcha Mungu ndiye yule yule ambaye hupunguza tanga aonapo wingu jeusi, wala hapana aliyemwambia kuwa amekufuru kwa kupunguza tanga. Upepo hauna mkono wa mtu. Lakini mti uliokatwa ufuoni, paa lisilofungwa kamba, onyo lisilofika na chombo kisichopelekwa, vyote vina mikono ya watu. Na lugha iliyotoa methali ya ajali ndiyo iliyotoa methali ya ufa na ukuta. Achaguaye moja na kuisahau ya pili hakufuata hekima ya wazee. Amefuata uvivu wake.

Tena hesabu zenyewe zinamkanusha. Idai iliua watu zaidi ya 600 katika Msumbiji peke yake. Kenneth, iliyoingia kwa upepo mkali zaidi, iliua 45. Tofauti hiyo haina sababu moja. Beira ni mji mkubwa uliojengwa katika nchi tambarare, na mafuriko ya Idai yalifunika mabonde mapana yenye watu wengi. Lakini miongoni mwa sababu iko hii: kabla ya Kenneth kufika, watu wapatao 30,000 walikuwa wamekwisha kuondolewa katika mahali pa hatari. Msiba wa mwezi wa Machi ulikuwa umewafumbua macho watawala, na macho yaliyofumbuka yaliokoa roho. Kama kinga isingekuwapo, kufumbua macho kusingefaa kitu.

Mfano mkubwa zaidi uko katika ghuba ya Bengal. Mwezi wa Novemba 1970 tufani iliyopiga visiwa na mwambao wa nchi ambayo leo inaitwa Bangladesh iliua watu wasiopungua 300,000. Visiwa vile vilikuwa vya udongo wa mto, vyenye wavuvi na wakulima maskini, na kila mtawala aliviita vya mbali. Tangu mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa kuwafundisha watu wa kujitolea katika vijiji vyenyewe: kupeperusha bendera za ishara, kupita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti, na kuwaongoza wazee na watoto kwenye majengo marefu ya zege yaliyojengwa kwa ajili hiyo. Tufani ya Sidr ilipopiga pwani hiyo mwaka 2007 ilikuwa kali mno, na waliokufa walikuwa elfu tatu na zaidi. Ni wengi, na kila mmoja alikuwa na mama. Lakini si laki tatu. Bahari ni ile ile na upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni mwanadamu kukataa kuamini kuwa ajali haina kinga.

Sasa na aje wa pili, ambaye neno lake ndilo kiini cha mashitaka haya. Yeye anakubali kuwa kinga iko, ila husikitika kuwa mahali pale hapafikiki. Na aulizwe historia ya Ibo. Kisiwa hicho hakikuwa pembe iliyosahauliwa na dunia. Kwa karne nyingi majahazi yaliyofuata kaskazi na kusi yalikiunganisha na Kilwa, Unguja, Komoro na Bukini. Wareno walijenga humo ngome kubwa ya mawe yenye umbo la nyota, ambayo kazi yake ilikwisha mwaka 1791 na ambayo ingali imesimama. Katika bandari yake walipita watumwa, pembe za ndovu na nguo. Dunia ilikijua sana kisiwa hicho wakati ilipokuwa inakinyonya. Ibo ilikuwa makao ya serikali ya sehemu zile mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo makao yalihamishiwa Porto Amélia, mji ambao leo ni Pemba, kwa kuwa ghuba yake ina kina cha kupokea meli kubwa. Kisiwa hakikusogea hata pima moja. Kilichosogea ni ofisi, na ofisi iliposogea kisiwa kikaitwa cha mbali.

Na kama historia haimtoshi, na atazame mambo ya juzi. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari ya mkoa ule ule wa Cabo Delgado, karibu na Palma, kusini ya mto Ruvuma. Mtu akipima kutoka Pemba, Palma iko mbali zaidi kuliko Ibo. Juu ya hayo, mitambo ililetwa, uwanja wa ndege ulijengwa na wataalamu walifika kutoka mabara mengine. Mwezi wa Juni 2019, usiotimia miezi miwili baada ya Kenneth, wenye mitaji walitangaza kuwa watatia dola bilioni 20 hivi katika gesi hiyo. Wakati tangazo hilo linatolewa, familia nyingi za Quissanga na Macomia zilikuwa zingali zinalala chini ya maturubai. Basi umbali ni wa namna gani huo ambao huzuia chombo cha mahindi wala hauzuii mitambo ya chuma? Njia huwa ndefu au fupi kwa kadiri ya kile kinachotafutwa mwisho wake.

Ipo pia hoja ya kisiwa cha Mayotte, ambayo wenyeji hukiita Maore. Kisiwa hicho kiko chini ya Ufaransa, kina bendera yake, sheria zake na askari wake, na kwa karatasi ni sehemu ya mojawapo ya dola tajiri za dunia. Tarehe 14 Desemba 2024 tufani ya Chido ilikipiga kwa ukali usioonekana humo kwa muda wa miaka tisini hivi. Vibanda vya mabati vilivyofunika vilima karibu na Mamoudzou vilifagiliwa. Wengi waliokaa humo walikuwa watu wa Komoro wasio na hati za kukaa, na ilisemekana kuwa baadhi yao waliogopa kwenda kwenye majengo ya kujikinga kwa hofu ya kukamatwa. Serikali ilihesabu maiti wapatao 40, na watu wengi kisiwani hawakuiamini hesabu hiyo, maana ni vigumu kumhesabu maiti ambaye alipokuwa hai hakukubaliwa kuhesabiwa. Hapa hapana maili za kulaumiwa. Mtu aweza kukaa mtupo wa jiwe kutoka ofisi ya serikali na akawa mbali kuliko kisiwa cha mwisho cha Quirimba. Kesho yake Chido hiyo hiyo iliingia Msumbiji katika wilaya ya Mecúfi, kusini ya Pemba, ikabomoa karibu kila kitu, na katika nchi nzima ikaua watu wapatao 120. Miaka mitano na nusu ilikuwa imepita tangu Kenneth, na mkoa ulikuwa ule ule.

Wa tatu huwalaumu wenyeji kwa kutohama. Hoja yake huonekana ya busara kwa mtu ambaye mshahara wake hautoki baharini. Mvuvi hakai ufuoni kwa ukaidi. Hukaa hapo kwa sababu maji hujaa na kupwa kwa saa zisizongoja mtu atembee kutoka bara, na kwa sababu dau lisilolindwa huibwa au huvunjwa na mawimbi. Tena kuhama kwenyewe si salama daima. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017 vimewatoa mamia ya maelfu ya watu katika vijiji vya Cabo Delgado. Mwaka 2020 mashua zilizojaa wakimbizi zilikuwa zikishusha watu katika ufuo wa Paquitequete mjini Pemba, na miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani zile zile zilizopigwa na Kenneth. Hao walihama, tena walihama kwa lazima, na hakuna awezaye kusema kuwa kuhama kumewapa raha. Anayemwambia maskini ahame na amwambie pia aende wapi, alime shamba la nani, na avue bahari gani.

Watu hawa watatu wanashirikiana katika kosa moja: wote hawajui kilichopotea. Hesabu za ofisi huandika maiti na nyumba, na hesabu hizo ni za haki, lakini ni fupi. Tufani iangushapo mnazi huangusha vitu vingi kwa pigo moja. Mnazi ni nazi ya mboga na mafuta ya taa na ya nywele. Ni makumbi ya kusokota kamba. Na zaidi ya yote ni makuti ya kuezekea, ambayo katika pwani hiyo yana heshima kubwa hata Kireno cha Msumbiji kimeliazima neno lenyewe. Upepo ung'oao paa, basi, hung'oa pia shamba ambalo paa jipya lingetoka. Mche wa mnazi huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Nani ameandika miaka hiyo sita katika daftari la hasara? Kenneth iliingia mwishoni mwa Aprili, wakati wa mavuno, na mazao ya maelfu ya hekta yaliharibika yakiwa shambani. Mkulima alipoteza chakula cha mwaka na mbegu ya mwaka ujao kwa siku moja. Mvuvi aliyepoteza dau na nyavu alipoteza kazi, na pamoja na kazi alipoteza uwezo wa kukopa nyavu nyingine. Gunia la unga huletwa na hupokewa kwa shukrani, lakini huisha kwa juma chache. Unga humlisha mtu aliyeanguka, haumsimamishi.

Juu ya hasara hiyo hukaa deni. Tarehe 19 Aprili 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha fedha zipatazo dola milioni 118 kwa ajili ya Msumbiji baada ya Idai. Fedha hizo hazikuwa zawadi. Zilikuwa mkopo, ingawa wa masharti nafuu. Wino wa mkataba ulikuwa haujakauka vizuri Kenneth ilipoingia siku ya sita. Wataalamu wa hali ya hewa wanakubaliana kuwa bahari inapozidi joto tufani hupata nguvu zaidi na mvua yake huwa nzito zaidi, na kuwa joto hilo limeletwa hasa na moshi wa nchi zilizotangulia katika viwanda. Mvuvi wa Matemo asiye na taa ya umeme hakulitia joto hilo baharini kwa kadiri ya kupimika. Mwenye kuvunja ukuta wa jirani yake, kisha akamkopesha fedha za kuujenga, hatajisifu kwa ukarimu katika mji wowote wenye kadhi.

Wasomi nao wana sehemu yao katika mashitaka, na sehemu hiyo ni ya lugha. Tufani za kusini magharibi ya Bahari ya Hindi huangaliwa kwa satelaiti, na kituo cha kisiwa cha Réunion hutoa habari zake siku kadha kabla ya pigo. Maarifa hayo yapo. Swali ni kwamba yanapofika pwani yanasema kwa ulimi gani. Lugha ya serikali ya Msumbiji ni Kireno; lugha za nyumbani katika Cabo Delgado ni Kimakua, Kimakonde na Kimwani. Kimwani, ambayo ni lugha ya Ibo na visiwa jirani, ni ndugu wa karibu sana wa Kiswahili, hata wataalamu wamepata kubishana kama ni lugha peke yake au ni lahaja. Mabishano hayo yana faida yake. Lakini lugha inayostahili kupimwa konsonanti zake inastahili pia kupelekewa onyo la mauti. Wala kutafsiri maneno matupu hakutoshi. Kumwambia mvuvi kuwa upepo utakuwa wa kilomita 220 kwa saa ni kumpa tarakimu. Aambiwe miti ya namna gani itaanguka, maji yatapanda mpaka alama ipi ya kijiji, dau livutwe lini, na mlango gani utakuwa wazi usiku huo kwa mwenye mtoto na kwa asiyeona. Kazi hiyo ni ya watu wa lugha, nayo haijafanywa kwa kadiri inavyopasa.

Wala msomaji wa Tanzania au Kenya asidhani kuwa hii ni habari ya jirani. Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja meli za Sayyid Barghash. Tangu hapo karafuu nyingi zikawa za kisiwa cha Pemba kilichosalimika. Aprili 1952 tufani nyingine ilipiga Lindi. Mwaka 2019 Mtwara ilionywa juu ya Kenneth, na ikapona kwa kuwa njia ya upepo ilielekea kusini ya Ruvuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nacho kikapungua nguvu. Kupona mara mbili si ahadi ya kupona mara ya tatu. Mafia, Songosongo na visiwa vya Kilwa huitwa vya mbali katika ofisi za Dar es Salaam kwa sauti ile ile ambayo Ibo huitwa ya mbali katika ofisi za Maputo. Wanaolitumia neno hilo juu ya wengine leo wataweza kutumiwa neno hilo kesho, na hawatakuwa na haki ya kushangaa.

Yapasayo kufanywa si siri wala si ya gharama isiyowezekana. Katika kila kisiwa lijengwe jengo moja imara, ambalo siku za salama ni shule au zahanati na usiku wa tufani ni kimbilio. Wachaguliwe watu wa kijiji, wake kwa waume, wafundishwe kupokea onyo na kulitangaza kwa lugha ya nyumbani. Mikoko ya ufuoni ihifadhiwe, maana huvunja nguvu ya wimbi. Chakula, dawa na mbegu viwekwe visiwani kabla ya msimu, visingoje ndege baada ya pigo. Msaada uhesabu nyavu, madau na miche ya minazi pamoja na unga. Na fedha zitolewazo na waliochafua hewa ziitwe fidia, zisiitwe mikopo.

Pamoja na hayo iko kazi moja isiyogharimu hata senti. Neno "mbali" lifutwe katika ripoti, magazeti na vitabu visemavyo habari za tufani. Mahali pake paandikwe ukweli: kijiji kiko kilomita kadha kutoka bandari fulani, chombo cha kufika huko ni cha aina fulani, na kilikuwapo au hakikuwapo, kilipelekwa siku fulani, au hakikupelekwa kwa amri ya ofisi fulani. Ibo haifiki kilomita 100 kutoka Pemba. Ripoti ikiandikwa hivyo, msomaji ataona mara moja ni wapi upepo ulipokoma na ni wapi uzembe ulipoanza.